Glögg ya Ghorofa ya Tatu

Alhamisi moja ya Novemba, saa nne na dakika tano asubuhi, nilimwibia Ingegerd zamu yake ya kufua nguo. Nasema nilimwibia, ingawa kwa kanuni za jengo letu sikuvunja sheria yoyote, na hilo ndilo lililolifanya jambo lenyewe liwe baya zaidi.

Kila fleti ina kifuli chake kidogo kwenye ubao wa chumba cha kufulia kule chini. Ukichomeka kifuli chako kwenye siku na saa fulani, saa hizo ni zako, hata mfalme akija na mashuka yake atasubiri. Kifuli cha Ingegerd kimekaa Alhamisi, saa moja hadi saa nne asubuhi, kwa miaka ishirini na saba. Akimaliza kufua anakichomoa, anapeleka nguo kwenye chumba cha kukaushia, kisha anarudi kukichomeka kwenye Alhamisi inayofuata. Katikati hapo kuna dakika kumi ambazo Alhamisi haina mwenyewe. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango wa stoo ya baiskeli, nikazingoja dakika hizo, nikachomeka changu. Nina miaka sabini na moja.

Ingegerd ni rafiki yangu. Milango yetu inatazamana ghorofa ya tatu, hapa Härnösand, ambako Novemba jua linaaga kabla hujamaliza kahawa ya mchana. Yeye alifanya kazi duka la dawa maisha yake yote. Mimi niliendesha greda la theluji la manispaa kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye hupima, mimi husukuma, na tumesikilizana vizuri hivyohivyo tangu siku aliyohamia akaniomba nimsaidie kupandisha kabati.

Sasa sikia kilichonipandisha nyongo. Jumatatu ya wiki ile nilikutana ngazini na kijana mmoja aliyevaa viatu vya ncha, kamera shingoni. Akaniuliza kama ngazi hizi hupata mwanga mzuri mchana. Nikamwambia huku Novemba hakuna mchana. Akacheka, akasema yeye ni dalali, amekuja kupiga picha fleti ya Ingegerd kwa sababu inatangazwa kuuzwa, na mwenyewe anahamia Malmö kwa binti yake mwezi wa kwanza. Alisema hayo kwa uchangamfu kabisa, kama anayenipa habari za hali ya hewa. Funguo zake ziko kwenye droo yangu na zangu ziko kwenye droo yake, najua mpaka ubavu anaolalia, halafu habari ya kuondoka kwake naipata kwa mtu ambaye hata jina langu halijui.

Mtu mwenye akili timamu angebisha hodi akauliza. Sisi hatuko hivyo. Huku kwetu jambo likikuuma sana unalinyamazia mpaka lishike kutu, au unaandika karatasi na kuibandika chumba cha kufulia. Zilikuwa zimebaki wiki nane za kuwa jirani ya Ingegerd, nami niliamua kuzitumia kwa kununa. Najua hesabu hiyo haina akili. Nilijua hata wakati ule, na nikaendelea.

Ijumaa karatasi ilikuwa imeshabandikwa, kwa mwandiko wa duka la dawa, herufi zimesimama wima: "Kwa aliyechukua Alhamisi: natumaini nguo zinatakata." Hakuna jina. Nikaandika chini yake kwa kalamu nyekundu kwamba zinatakata sana, asante, na kwamba wengine tunafua hadharani na wengine wanafungasha kimyakimya. Kufikia Jumamosi jengo zima lilikuwa limesoma. Nilimkuta Tuva wa ghorofa ya pili, mama kijana, amesimama pale na kapu la nguo za mtoto, anasoma kwa mara ya pili huku midomo inatembea. Aliponiona akaanza kuzungumza kuhusu theluji, wakati theluji yenyewe ilikuwa bado haijaanguka.

Ugomvi wa Novemba una ubaya wake, kwa sababu nyuma yake yanakuja Majilio, zile wiki nne za kuingojea Krismasi. Jumapili ya kwanza ya Majilio mimi na Ingegerd tunapikia jengo zima glögg, ile divai ya viungo inayonywewa ya moto kwenye vikombe vidogo vyenye lozi na zabibu kavu ndani yake. Fleti nane, watu kumi na tano, miaka ishirini na sita mfululizo. Kazi tuligawana mwaka wa kwanza na hakuna aliyewahi kuvuka mpaka. Viungo ni vyake. Mwanzoni mwa Oktoba analoweka mdalasini, iliki, karafuu, tangawizi kavu na maganda ya danzi, lile chungwa chungu, kwenye chupa ya pombe kali, anaiweka dirishani chumbani kwake, na anaitikisa kila asubuhi wakati wa taarifa ya habari. Vipimo viko kichwani mwake, hajaviandika popote. Divai ni yangu. Mimi naichagua, mimi nayeyusha sukari, mimi nabambua lozi, na mimi ndiye ninayesimama jikoni na upawa. Sijawahi kumuuliza anatia nini, naye hajawahi kuniuliza nafanyaje. Zamani nilidhani ni heshima. Siku hizi nafikiri tulikuwa tunahakikisha tu kwamba hakuna anayeweza kupika bila mwenzake.

Ungetegemea basi kwamba mwaka huu ama tungepatana ama tungeacha. Siku sita kabla ya Majilio nilibandika tangazo penye mlango mkuu: glögg kwa Solveig, Jumapili, saa tisa hadi saa kumi na moja. Solveig ndiye mimi. Kesho yake tangazo la pili lilikuwa pembeni ya langu, limenyooshwa kwa rula: glögg kwa Ingegerd, Jumapili, saa tisa hadi saa kumi na moja. Nilitoa neno ambalo kwa miaka mingi nililitunza kwa ajili ya wanaoegesha magari kwenye njia ya greda.

Neno hilo lilimkuta Rutger nyuma yangu. Rutger ni mwenyekiti wa jengo, mtu mwenye kanuni ya kila kitu, na hofu ya kila anayetakiwa kuifuata. Alikohoa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga barafu nyembamba, kwamba labda mmoja wetu angeweza kusogeza saa yake mbele kidogo. Nikamwambia akamwambie yule mwingine. Akasema ameshamwambia, na amejibiwa hivyohivyo. Tukasimama tukiyatazama matangazo kama watu waliokuja kuaga maiti. Mwishowe akasema itakuwa Jumapili njema kwa vyovyote vile, akaondoka mbio.

Tatizo langu lilikuwa viungo. Glögg ya chupa ya dukani ipo, na wengi wanainunua, lakini mimi singeweza kusimama mlangoni kwangu na kumimina kitu cha kununua huku ng'ambo ya pili Ingegerd anamimina cha kwake. Nilikumbuka amewahi kusema kwamba maganda ya danzi zamani yalipatikana duka la dawa, nikaenda. Binti wa kaunta aliniuliza ni ya ugonjwa gani. Nikamwambia ni ya glögg. Aliniuzia vidonge vya vitamini C.

Siku zilizobaki nilizipoteza nikingoja abishe hodi. Hakubisha. Kwa hiyo Jumamosi nilijikuta kwenye foleni ya duka la pombe la serikali, ambalo Jumamosi hufunga saa tisa na Jumapili halifungui kabisa, na ndiyo maana dakika kumi za mwisho utakuta nusu ya mji imepanga mstari pale, kila mmoja amejitia kwamba amekuja kwa mipango yake. Watu watano mbele yangu alikuwa amesimama Ingegerd. Kwenye kikapu chake kulikuwa na chupa sita za divai, na niliitambua lebo kutoka nilipokuwa. Ile ni divai chachu. Ukiipasha moto inakuwa siki. Nilifungua mdomo nimwambie, kisha nikaufunga. Wakati huohuo yeye akageuka, akaona chupa moja ya pombe kali kwenye kikapu changu, na usiku mmoja tu mbele yangu wa kulowekea. Naye akafungua mdomo, akaufunga. Alilipa, akaondoka akichechemea kwa nyonga yake, na kila chupa ikigonga mwenzake.

Nyumbani nilipiga mahesabu yangu. Kama wiki nane za baridi zinatosha kutoa ladha ya viungo, basi nusu saa ya moto itatoa ileile. Hayo ni mawazo ya mtu wa greda. Nilimwaga chupa nzima kwenye sufuria, nikatia mdalasini, iliki, tangawizi, ganda la chungwa la kawaida na kiganja kizima cha karafuu, nikawasha jiko. Pombe yote ilipanda kwenye feni ikaenda kuwalewesha ndege. Kilichobaki kilikuwa cheusi, kina harufu ya kwa daktari wa meno. Nilikionja na ulimi ukafa ganzi mpaka saa ya chakula.

Nikiwa bado natema kwenye sinki, harufu ya sukari iliyoungua ikaingia chini ya mlango kutoka ng'ambo. Nakiri nilifurahi. Ilikuwa furaha ya dakika moja hivi. Halafu nikawaza kwamba mwakani hakuna harufu yoyote ya Ingegerd itakayopita chini ya mlango ule, na furaha ikanitoka yote. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na aproni yangu, nikasahau hata kuzima feni.

Jumapili nikajikaza. Nilibambua lozi, nikachemshia sukari yangu kwenye maji kidogo, nikapasha divai yangu nzuri na kutia ule mchuzi mweusi kijiko kimoja, kisha kimoja tena. Kila kijiko kilizidi kuiharibu. Niliwasha nyota ya karatasi dirishani, nikapanga vikombe kumi na vitano, mikate ya zafarani na biskuti za tangawizi, nikavaa sweta ya sherehe. Nje palikuwa tayari ni giza.

Saa tisa ikafika. Kwa kawaida ikiwa saa tisa kasoro dakika mbili unawasikia watu wakipumua nje ya mlango, maana hapa kuwahi ni kosa na kuchelewa ni kosa, kwa hiyo wanasimama ngazini wakitazama saa mpaka itimie. Jumapili ile hakuna aliyepumua. Saa tisa na dakika nne simu ikalia. Rutger anasikitika, koo linamkereketa. Dakika mbili baadaye akaandika Tuva: mtoto ana homa. Kisha mume wake Melker, bila shaka kabla hajashauriana na mkewe, akaandika kwamba ameteguka mguu. Wengine wakafuata. Kufikia saa tisa na robo fleti sita zilikuwa na mgonjwa, na mbili zilizobaki zilikuwa yangu na ya Ingegerd.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba wote wako kwake. Nikavua viatu, nikanyata, nikaweka jicho kwenye kitundu cha mlango. Ngazi zilikuwa tupu. Niliuona mlango wa Ingegerd na shada lake la matawi, na katikati yake kitundu chake, ambacho siku zote kina nukta ya mwanga kutoka kwenye taa ya ukumbini mwake. Nukta haikuwapo. Kulikuwa na jicho nyuma yake.

Tulitazamana hivyo, vikongwe wawili, kupitia milango miwili iliyofungwa. Nilihesabu mpaka arobaini. Nukta ikarudi, kisha ikazimika tena, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba naye hana mgeni. Watu wetu wasingeweza kuja kwangu bila kumkosea Ingegerd, wala kwenda kwake bila kunikosea mimi. Basi walitafuta njia ya kutomkosea mtu yeyote, wakatukosea wote wawili. Sikuweza hata kuwakasirikia. Ningekuwa mahali pao ningeugua pia.

Kuna namna moja tu ya kupita theluji ikijaa: unashusha bamba la greda na unakwenda. Nilichukua sufuria kwa mikono miwili, nikafungua mlango kwa kiwiko, nikavuka ngazi kwa soksi na kupiga mlango wake teke.

Alifungua upesi mno kwa mtu mwenye nyonga mbovu.

"Karibu," akasema, kana kwamba nilikuwa nimealikwa.

Sebule yake nusu ilikuwa maboksi. Nusu nyingine ilikuwa meza, na juu yake vikombe kumi na vitano, mikate ya zafarani na biskuti za tangawizi. Alichota kutoka sufuria yangu, akaonja, akafumba macho na kukaa hivyo muda mrefu.

"Karafuu umetia ngapi?" akauliza.

"Sikuhesabu."

"Naam. Inaonekana."

Nikaonja yake. Viungo vilikuwa vyenyewe, vilevile vya kila mwaka. Lakini vilikuwa vimekaa ndani ya siki, na juu ya siki sukari chungu.

"Umeichemsha," nikasema.

"Kidogo tu."

"Ingegerd, divai haichemshwi. Unaipasha mpaka unaweza kugusa sufuria na kutoa vidole bila kuitukana."

"Na mimi ningejuaje, mwenzangu? Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuuliza."

"Na wewe je? Karafuu uliwahi kuziuliza lini?"

Akaingiza mkono mfukoni akatoa simu, akaiweka mezani mbele yangu. Nami nikaweka yangu pembeni. Kwenye simu yake Rutger alikuwa anaumwa mgongo. Mtoto wa Tuva kwake hakuwa na homa, alikuwa anaharisha, na Melker aliyeteguka mguu kwangu alikuwa ameng'olewa jino kwa Ingegerd, siku ya Jumapili. Tulianza kucheka kidogokidogo, tukijizuia, halafu yakatushinda, mpaka akalazimika kukaa juu ya boksi na kushika nyonga yake.

Sufuria zote mbili tulizimwaga. Yeye, kwa kuwa ni mtu wa duka la dawa, hakuwa ametumia zaidi ya nusu ya ile chupa ya dirishani. Mimi nilikuwa na chupa tano za divai nzuri bado zimefungwa. Nilikwenda na kurudi kuchukua vitu, divai, sukari, upawa, na kwa ajili ya kwenda na kurudi milango yote miwili ilibaki wazi. Katika safari moja nikatamka, bila kumtazama, kwamba Alhamisi ni yake, nitaondoa kifuli changu. Akasema nisijisumbue, funguo zangu si anazo, pamoja na ule wa kifuli. Alishashuka juzi akaondoa kifuli changu na kurudisha chake. Changu amekichomeka Ijumaa jioni. Ijumaa jioni hakuna binadamu anayefua.

Nikapasha divai. Yeye alisimama begani kwangu akitazama, mara ya kwanza kabisa kuona, nami nikamweleza ninachofanya: sukari iyeyushwe peke yake kwanza, tini kavu mbili zikae kwenye divai tangu mwanzo na zitolewe mwisho, moto uwe mdogo mpaka ukere. Naye akanieleza yake. Karafuu ishirini na mbili kwa chupa. Iliki zipondwe, zisitiwe nzima. Maganda ya danzi yakwanguliwe weupe wote wa ndani, maana uchungu mbaya unatoka humo. Alikuwa akiyasema polepole, moja moja, na nilijua anayasema hivyo ili niyashike. Nilikoroga bila kupumzika.

"Ingegerd," nikasema nikiwa nimempa mgongo, maana maneno ya namna hii yanasemeka vizuri zaidi ukiwa na kitu cha kukoroga. "Kwa nini nimeambiwa na dalali?"

Nilimsikia akisogeza vikombe mezani.

"Nyonga imekwisha, unajua mwenyewe. Ngazi zinanimaliza. Kwa binti yangu ni chini kabisa, unafungua mlango uko bustanini."

"Hilo nimelielewa. Sikuuliza hilo."

"Nilikuja kwako mara tatu nikuambie. Mara ya tatu nilishika mpaka kengele." Nilisikia boksi likilia alipokaa tena. "Ningekuambia, ungeniambia nibaki. Na ungesema mara moja tu, kwa ile sauti yako. Basi ningebaki, Solveig. Sina ubishi na wewe, sijawahi kuwa nao. Ningebaki humu mpaka siku ya kushindwa kutoka mlangoni."

Nilitaka kumjibu kwa hasira, kwa sababu hasira ndiyo ninayoiweza. Niliitafuta nikakosa. Nilichokipata kilikuwa huzuni tupu, kubwa, ya mtu anayependa. Nikamimina viungo vyake kwenye divai yangu, kidogo kidogo kama ninavyomimina kila mwaka, nikampa kijiko aonje. Akatikisa kichwa kwamba bado. Nikaongeza. Akaonja tena.

"Hapo hapo," akasema. "Usiiguse tena."

Harufu ile haijui mipaka ya watu. Ilitoka kwa milango yote miwili, ikashuka ngazi, ikapita ghorofa ya pili na ya kwanza, na saa kumi kasorobo mwenyekiti Rutger akapona. Tulimsikia akipanda taratibu. Alifika juu akakuta milango imefunguliwa kulia na kushoto, akasimama katikati asijue aingie wapi, akabaki hapohapo kwenye sakafu ya ngazi. Nilimpelekea kikombe alipo. Kisha akaja Tuva na mtoto asiye na homa, na nyuma yao Melker, akichechemea mguu ambao nadhani aliusahau njiani, kwa sababu alipofika alikuwa anachechemea wa pili. Ingegerd akamuuliza jino linaendeleaje. Melker akawa mwekundu, akala zabibu za chini ya kikombe chake.

Wote walikuja. Hakuna aliyekubali kuingia kwangu wala kwake, hata tulipowaomba, kwa hiyo sherehe ikafanyika palepale ngazini, watu wazima wameketi kwenye vidato kwa soksi, sahani za mikate zinapita juu ya vichwa. Nilimkumbusha Rutger kwamba kuna kanuni ya moto inayokataza mikusanyiko ngazini, na kwamba ina sahihi yake. Akasema ataijadili kwenye kikao cha Februari, akanyoosha kikombe. Mtu mmoja akasema glögg ya mwaka huu ni bora kuliko zote. Husema hivyo kila mwaka, lakini safari hii nilimwona Ingegerd akiinamisha kichwa.

Saa kumi na moja kamili walinyanyuka wote kwa pamoja, wakashukuru, wakashuka. Hapo ndipo ngazi zilipokuwa kimya kweli.

Tuliosha vikombe kwake. Vilikuwa vingi, vyangu na vyake. Mimi naosha, yeye anafuta, na kila alichofuta alikitazama kwanza aamue kiende kabatini au kwenye boksi. Vingi vilikwenda kwenye boksi. Nilipokuwa nasuuza cha mwisho, maneno yalinifika mdomoni, ile amri yangu, tayari kwa ile sauti yangu: Ingegerd, baki. Ni maneno mawili tu. Alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, ananitazama, na nilijua kwa hakika kabisa kwamba nikiyatamka atabaki.

Nikamuuliza treni yake inaondoka saa ngapi.

"Tarehe saba," akasema. "Saa mbili na robo asubuhi."

"Nitakuja saa moja kukubebea mizigo," nikasema, nikageukia sinki ambalo halikuwa na kitu tena, nikalia, na yeye akaja akasimama kando yangu akafuta kikombe kilichokwisha kukauka.